Malengelenge Yaliyofuata Kalamu ya Piko

Maswali ya wasomaji kuhusu ngozi. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa Chake Chake, Pemba, aliyefanya kazi kliniki ya ngozi kwa miaka 29.

*Assalaam alaykum bibi. Mie msichana wa miaka 22, niko Wete. Tulikuwa na harusi ya dada yangu, na Ijumaa usiku nikachorwa maua ya piko, ile rangi nyeusi ya harusini, mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko, na miguu mpaka juu ya vifundo. Jumapili magharibi mikono ikaanza kuwasha. Jumatatu asubuhi maua yote yamevimba, Jumanne yakawa malengelenge yenye maji. Dada yangu alichorwa na mtu huyo huyo na hana kitu. Mama anasema nimepigwa kijicho kwa vile nilisifiwa sana, nikasomewa. Shangazi akanisugua kwa ndimu na chumvi, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Eidi iliyopita nilichorwa piko hilo hilo nisidhurike, sasa imekuwaje? Nitamwambukiza mtoto wa dada? Na alama zitatoka? Kuna watu wanakuja kuniposa mwezi ujao.*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole, pole sana. Kabla ya jengine lolote: ndimu isiguse tena mikono hiyo. Juu ya ngozi iliyochubuka ndimu ni moto, na ukitoka nayo juani inakuachia michirizi myeusi inayokaa wiki nyingi hata kwa mtu mwenye ngozi nzima. Shangazi alikusudia kheri, mwambie nimesema hivyo, lakini asirejee.

Sasa nikueleze kwa nini nina uhakika na ugonjwa wako bila ya kuuona. Umeniandikia "maua yote yamevimba." Hukusema mikono imevimba, umesema maua. Ugonjwa unaotokana na damu hauchori maua. Upele hauchori maua, wala fangasi. Malengelenge yanayofuata mstari wa kalamu, yakapinda pale kalamu ilipopinda na kukoma pale ilipokoma, yametoka kwenye kile kilichokuwemo ndani ya kalamu. Na hasadi, mwanangu, ipo, dini imetufundisha kujikinga nayo, na kisomo cha mama yako ni cha kheri. Lakini hasadi haifuati ua kwa ua, ikaruka nafasi iliyoachwa wazi kati ya jani na jani.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilipokuwa bado mgeni kazini, kila aliyekuja anajikuna mikono nilimpa dawa nyeupe ya upele, kwa sababu upele ndio uliokuwa mwingi. Akaja mwanamke, siku chache tu baada ya harusi, mikono imefunikwa kanga. Sikuifunua vyema. Nilitazama vidole tu, nikampa dawa ya upele akapake mwili mzima. Alirudi kesho yake mikono imevimba mpaka haiwezi kukamata kikombe. Mganga mkuu wetu akaifunua ile kanga, akanishika bega, akaniambia: "Soma." Nikaona mti mzima wa piko umechorwa kwa malengelenge, shina, matawi na vikonyo. Tangu siku hiyo sijampa mtu dawa ya ngozi bila ya kumuomba afunue, anyooshe, ageuze viganja, avue viatu.

Kilichokuunguza ni kitu kiitwacho parafenilenidiamini, wenyewe wanakiita PPD. Ndicho kinachozifanya rangi nyingi za nywele ziwe nyeusi. Hina ya majani haina kitu hiki. Hina yetu, ile inayosagwa, ikachanganywa na maji ya ndimu au chai, ikalazwa na kukaa mkononi saa nyingi, hutoka rangi ya chungwa, na kwa siku moja au mbili hukolea ikawa damu ya mzee. Haiwi nyeusi kama wanja. Ukiona rangi nyeusi tititi iliyokamata ndani ya nusu saa au saa moja, jua pametiwa rangi ya nywele, au ni rangi ya nywele tupu. Na ndivyo piko la harusini lilivyo: unga mweusi unaokorogwa na kuchorwa moja kwa moja kwenye ngozi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 ndani ya rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Sie tunaichora ngozini, nene nene, ikakauke hapo, na anayeikoroga hana kipimo zaidi ya kijiko.

Umeuliza kwa nini Eidi ulisalimika. Mzio wa namna hii unajengwa. Mara ya kwanza mwili unakutana na mgeni, unamtazama, unamweka kwenye kumbukumbu. Huenda usione kitu kabisa. Mara ya pili au ya tano, askari wa mwilini wanamtambua na kumrukia, na kwa kawaida vita vinaonekana baada ya siku moja mpaka tatu, ndiyo maana Ijumaa ukacheza ngoma vizuri na Jumapili ukaanza kujikuna. Dada yako mwili wake haujamweka mgeni huyu kuwa adui, angalau bado. Hilo halimaanishi kuwa kwake piko ni salama, na ningependa naye aache.

Hutamwambukiza mtu. Mbebe mtoto wa dada yako, mlishe, lala naye. Maji ya malengelenge yako hayana ugonjwa wa kumpa.

La kufanya ni hili. Ikiwa bado kuna rangi juu, osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Hii si chumvi ya shangazi. Hii ni chumvi kidogo ndani ya maji mengi, haiunguzi. Chovya kitambaa safi cha pamba, kamua kidogo, kilaze juu ya malengelenge dakika 15 mpaka 20, mara tatu kwa siku. Malengelenge usiyatoboe. Ngozi ile iliyoinuka ndiyo bendeji bora utakayoipata. Yakipasuka wenyewe, iache ngozi ilale ilipo, weka mafuta mepesi ya mgando na ufunike.

Kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu utahitaji krimu ya steroidi yenye nguvu ya kutosha, kama vile betamethasoni, kupaka mara mbili kwa siku kwa siku 7 mpaka 14. Haidrokotisoni inayouzwa kila duka la dawa haina nguvu ya kuzima moto huu. Lakini nakuonya kama ninavyomuonya binti yangu: usiichukue hiyo betamethasoni ukaigeuza krimu ya uso. Najua baadhi ya wasichana wanaichanganya na mafuta ili waonekane weupe siku ya posa. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi zinafumka. Ni dawa ya mikono, ya siku kumi na kitu, basi. Malengelenge yakiwa makubwa mno, daktari anaweza kukupa vidonge vya predinisoloni kwa siku chache, na hilo aamue yeye baada ya kukupima. Vidonge vya mzio vya kulalia vitakusaidia upate usingizi, haviuponyi mkono.

Usisubiri hata kesho ikiwa malengelenge yametoa usaha au gamba la njano, ikiwa kuna mstari mwekundu unaopanda mkononi, homa, au ikiwa uso na midomo vinavimba na pumzi inabana. La mwisho hilo ni la kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Alama. Sitakudanganya. Watu wengine ua linabaki kwa miezi, ama jeusi kuliko ngozi ama jeupe kuliko ngozi, na wachache makovu yanainuka. Walio wengi linafifia pole pole. Kuvaa mikono mirefu usipigwe na jua kunasaidia. Kujikwangua, na dawa za kuchubua, kunaharibu. Na hao wanaokuja kukuposa, mwanangu, wakija wapokee na mikono yako ilivyo.

Jambo moja utalibeba maisha yako yote: mwili wako hautausahau mzio huu. Usipake piko tena hata nukta. Usipake rangi nyeusi ya nywele. Uzeeni mvi zako zitiwe hina ya majani au ziachwe. Na siku ukienda kung'olewa jino, au ukiandikiwa dawa za salfa, mwambie daktari kuwa una mzio wa rangi ya nywele, maana baadhi ya dawa za ganzi na za salfa zina undugu na PPD na mwili unaweza kuzichanganya. Andika kwenye kadi yako ya kliniki. Hina ya majani, ile safi, unaweza kupaka, lakini nunua majani ukasage mwenyewe au msagiwe na mtu mnayemjua, kwa sababu hina ya pakiti nayo siku hizi hutiwa mambo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hina, nawaomba kina mama wenzangu: kichanga msikipake hina mwili. Wapo watoto wetu wa pwani wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hina ikipenya ngozi yao laini inaweza kuvunja damu, mtoto akapauka na kuwa wa njano. Hata hiyo safi ya majani. Mgojeni akue.

---

*Bibi, mimi ni mkulima wa mwani huku Kiuyu. Kila kaskazi, joto linapozidi, natokwa na vipele vidogo vidogo pembeni mwa vidole vya mikono na kwenye nyayo. Vimezama ndani ya ngozi, vina maji, vinawasha mpaka nasugua mkono kwenye ukuta. Baada ya wiki mbili tatu vinakauka na ngozi inabanduka. Dukani nimeuziwa dawa ya upele mara tatu, kila mara inazidi. Nyumbani tuko saba, mwengine hana. Katikati ya vidole vya miguu ngozi yangu ni nyeupe na ina harufu, lakini hiyo nimeizoea, ni ya maji ya chumvi.*

Hapana dada yangu, hiyo si ya kuizoea, na huenda ndiyo mama wa yote. Nitaifikia.

Tuanze na upele, kwa vile umeuziwa dawa yake mara tatu bila ya mtu kukuuliza maswali mawili: unawasha wakati gani, na nani mwengine nyumbani anajikuna? Mdudu wa upele ni mdogo mno, jike lake linachimba chini ya ngozi na kutaga humo. Unawasha usiku zaidi, mtu akishajifunika. Unakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kwenye chuchu za wanawake na sehemu za siri za wanaume, na kwa watoto wachanga hata viganjani na nyayoni. Na mtu akiupata kwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuanza kuwashwa, kwa hiyo akiwa hajijui ameshawapa wenzake. Nyumba ya watu saba, upele wa misimu kadhaa, na mtu mmoja tu anajikuna? Haiwezekani. Ile dawa nyeupe, benzili benzoeti, inaunguza ngozi yenye ukurutu, ndiyo maana kila ukipaka unarudi nyuma.

Ulivyonieleza, vipele vilivyozama, vya maji, kama chembe za sagu zilizoiva, pembeni mwa vidole na nyayoni, vinavyokuja na joto na kuondoka kwa kubandua ngozi, huo ni ukurutu wa malengelenge wa mikono na miguu. Hauambukizi. Mtu mwenye pumu au ukurutu katika ukoo wake huupata kwa wepesi zaidi. Jasho na joto huuchochea, wasiwasi pia, na madini ya nikeli yaliyomo katika baadhi ya pete na bangili za bei rahisi. Na mkono wako wewe unaishi ndani ya maji: bamvua ikija unashinda umeinama, kufunga taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, chumvi, kamba, mchanga, jua la saa sita. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kisha ukaenea mpaka huku kwetu, wengi walioingia baharini walikuwa kina mama, na wengi wao mikono yao naijua kuliko sura zao.

Sasa miguu. Ngozi nyeupe iliyolainika na kunuka katikati ya vidole, khasa vile viwili vya mwisho, ni fangasi. Na fangasi wa miguuni ana tabia moja ya ajabu ambayo wauguzi wengi vijana hawaijui: anaweza kukaa mguuni na mkono ukatoa malengelenge, ilhali mkononi hayumo. Mwili unapigana naye kule chini na cheche zinarukia huku juu. Ukitibu mikono peke yake miaka kumi, utatibu cheche. Ukizima moto mguuni, mkono mara nyingi unatulia wenyewe.

Kwa hiyo nenda kituoni ukaombe jambo moja: wakwangue maganda ya katikati ya vidole vya miguu, na ya mkononi pia, wayatie dawa ya kuyeyusha na kuyatazama kwenye hadubini. Ni kazi ya muda mfupi pale penye maabara. Nyuzi za fangasi zikionekana mguuni na zisionekane mkononi, jibu umeshalipata.

Miguuni paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki 4, au terbinafini kwa muda mfupi zaidi, na usiache siku muwasho unapokoma; endelea mpaka muda utimie. Kila ukitoka baharini osha miguu kwa maji baridi ya kisima, futa katikati ya kila kidole kwa kitambaa kikavu, vaa ndara iingie hewa. Viatu vile vya kuingilia majini vianikwe juani, usivivae vikiwa vimaji. Mikononi, wakati malengelenge yamechachamaa, lowesha kwa maji ya chumvi kidogo niliyomweleza yule binti wa Wete, kisha betamethasoni kwa wiki mbili kwa usimamizi wa mhudumu. Yakikauka na ngozi kuanza kupasuka, acha kulowesha, paka mafuta mazito ya mgando kila ukinawa, na usiku vaa soksi safi za pamba mikononi juu ya mafuta. Ukiwa unafunga taitai nchi kavu vaa glovu, lakini ndani yake pawe na glovu nyembamba ya pamba, kwani mpira peke yake unatoa jasho na jasho ndilo adui. Steroidi usipake kwenye fangasi wa mguuni. Itakuonyesha nafuu siku tatu, kisha fangasi atatambaa mpaka kifundoni.

Na ikiwa siku moja utaona mstari mwekundu uliopinda pinda kwenye unyayo, unaosogea kidogo kila siku, hilo ni jambo jengine kabisa: ni minyoo ya mbwa au paka iliyoingia kutoka kwenye mchanga wa pwani. Hiyo haitaki krimu ya fangasi wala steroidi, inataka vidonge vya ivermektini au albendazoli. Nalitaja kwa vile unashinda pwani, si kwa sababu naona unalo.

---

*Mimi ni mwanamme, miaka 34, nimeoa. Nina madoa mekundu yanayoelekea rangi ya shaba viganjani na nyayoni. Hayawashi wala hayaumi. Miezi miwili nyuma nilikuwa na kidonda kimoja sehemu za siri, hakikuuma, kikapona chenyewe. Naona haya kwenda kituoni. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Tafadhali usitaje mji wangu.*

Sikuutaja. Na ahsante kwa kuandika kile kidonda, maana wengi wanakificha na mie nabaki kukisia.

Madoa ya viganjani na nyayoni yasiyowasha, baada ya kidonda kisichouma kilichopona chenyewe, mpaka ithibitishwe vyengine ni kaswende. Kidonda hakikupona, kaka yangu. Kilifunga mlango wa nje na ugonjwa ukaingia kwenye damu. Na haya madoa nayo yataondoka yenyewe, ndiyo hatari yake, utadhani umepona, kumbe ugonjwa wenyewe umo ndani kwa miaka, ukielekea moyoni na kwenye ubongo.

Kipimo ni tone la damu. Dawa ni ile ile ya miaka mingi na bado inaiweza: sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, mara moja kwa hatua uliyopo, kwa kawaida ikigawanywa matako mawili. Ikiwa penisilini inakudhuru, waambie kabla hawajavuta bomba. Usiku wa sindano unaweza kupata homa na baridi, maumivu ya kichwa, na madoa yakakolea. Usitishike, ni wadudu wanaokufa, na huisha ndani ya siku moja. Omba wakupime na virusi vya Ukimwi siku hiyo hiyo.

Lakini aliyenikosesha usingizi katika barua yako ni mtoto ambaye hajazaliwa. Kaswende ya mama inavuka mpaka tumboni. Inaweza kuua mimba, au mtoto akazaliwa nayo. Na mama akitibiwa mapema mtoto mara nyingi husalimika. Huna mwezi wa kuona haya. Mwambie mkeo leo usiku, kwa maneno yako mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwengine. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kliniki anayohudhuria ya wajawazito, na kadi yake. Mwenye kupima hapo anapima kina mama kila siku, hatokutazama mara mbili. Na mpaka nyote wawili mmeshachomwa sindano na muda mtakaoambiwa umepita, msikutane kimwili.

Ikiwa kipimo kitatoka safi, usikae kimya. Niandikie tena, unieleze kama ukishika madoa hayo kwa ncha ya pamba unaihisi vyema au pana ganzi. Nina sababu ya kuuliza: madoa yenye ganzi yanaweza kuwa ukoma, na dawa yake hutolewa bure.